Kidonge Kinaingia, Lakini Kinaishia Wapi? Safari ya 5-HTP kutoka tumboni hadi ubongoni

Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuja dukani kwangu jioni, chupa ya plastiki kaifunga kwenye pembe ya khanga. Alitumiwa chupa hiyo na mwanawe anayeishi Marekani. Usingizi wa mama ulikuwa umeruka kwa miezi mingi, na yule kijana alisoma mahali kwamba kuna kidonge kinachoupa mwili malighafi ya kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Chupa imeandikwa 5-HTP, miligramu 100.

"Daktari," aliniambia (mimi ni mfamasia, ila wateja wengi hutuita hivyo), "kidonge hiki hakiingii mwilini. Nikikimeza moyo unachafuka, tumbo linanguruma, na usingizi siuoni. Mwanangu anasema nikile pamoja na vitamini B6 na pilipili manga ndipo kiingie vizuri. Wewe wasemaje, baba?"

Nilimjibu kwa kifupi siku ile, kwa kuwa watu walikuwa wamejipanga nyuma yake. Lakini swali lake nimekaa nalo, na watu wengi wanaliuliza kwa namna hiyo hiyo: nifanyeje dawa hii iingie mwilini? Jibu ni kwamba inaingia. Ule moyo kuchafuka ndio ushahidi. Kidonge kimeingia, kimegeuka serotonini palepale kwenye utumbo, na utumbo umelalamika. Tatizo la 5-HTP liko kwenye safari baada ya kumezwa, na asiyeijua safari hiyo anaweza kutumia fedha nyingi kuongeza kitu ambacho hakikupungua.

Tuanzie kwenye chakula. Maharage, mayai, samaki, maziwa na karanga vina protini, na ndani ya protini kuna asidi amino inayoitwa triptofani. Waingereza wawili, Frederick Gowland Hopkins na Sydney Cole, ndio walioitenga mara ya kwanza mwaka 1901 kutoka kwenye protini ya maziwa. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, lazima iliwe. Ikishaingia, sehemu kubwa sana hupelekwa kwenye kazi nyingine, ikiwemo kutengeneza niasini, yaani vitamini B3. Inakadiriwa kwamba miligramu 60 za triptofani hutoa miligramu 1 tu ya niasini. Ndiyo maana watu wanaoishi kwa mahindi matupu, ambayo yana triptofani kidogo na niasini iliyofungwa isiyotoka kirahisi, hupata pelagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra kwa maelfu, yapata watu 18,000, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula. Mbegu za mahindi ya Tanzania zinazoitwa Lishe zilitolewa kwa sababu hiyo hiyo, kuongeza triptofani na lisini, asidi amino nyingine, kwenye ugali. Nimeitaja pelagra kwa makusudi. Inaonyesha kwamba triptofani ina wadai wengi mwilini, na serotonini ni mdai mmoja mdogo anayepewa asilimia chache tu.

Hicho kidogo kinachobaki hupita hatua mbili. Hatua ya kwanza, kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kinaibadilisha triptofani kuwa 5-HTP. Kimeng'enya hiki ni cha polepole, na mwili hukitumia kama breki: hata ule nyama kilo nzima, hakiendi mbio kuliko kawaida yake. Hatua ya pili, kimeng'enya kingine kinaondoa kipande cha molekuli ya 5-HTP, na hapo inazaliwa serotonini. Hiki cha pili ni chepesi, kinafanya kazi haraka, na kiko karibu kila mahali: kwenye ukuta wa utumbo, kwenye ini, kwenye figo, na kwenye ubongo pia.

Anayemeza 5-HTP anairuka ile hatua ya polepole. Hiyo ndiyo faida yake yote, na matatizo yake yote yametoka hapo hapo, maana breki imeachwa nyuma.

Mtu atauliza: kwa nini tusimeze serotonini yenyewe? Ndizi zinayo, tena kwa wingi, na mitandao imejaa watu wanaosema kwamba ndizi inaleta furaha. Serotonini ya ndizi, au ya matoke, haifiki ubongoni hata kidogo. Ubongo umezungukwa na mishipa midogo ya damu ambayo kuta zake zimebanana mno, na serotonini haipiti hapo. Halafu mwili una serotonini nyingi kuliko watu wanavyofikiri, ila zaidi ya asilimia 90 iko tumboni, ikisukuma chakula na kuamuru matumbo yajikaze na kulegea. Mtaliano Vittorio Erspamer aliikuta kwenye utumbo miaka ya 1930 akaipa jina la enteramini. Baadaye, mwaka 1948, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page wa Cleveland waliitenga kutoka kwenye damu wakiwa wanatafuta kitu kinachobana mishipa. Ilibidi Betty Twarog, mwanamke kijana mwenye ushupavu, aonyeshe mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba iko pia kwenye ubongo. Kwa hiyo tunapoiita kemikali ya furaha tunaisahau kazi yake kubwa zaidi, ile ya tumboni, na tumbo ndilo linalotulipiza.

5-HTP, tofauti na serotonini, inapita. Kwenye ule ukuta wa mishipa ya ubongo kuna milango ya kupitishia asidi amino kubwa, na 5-HTP inafanana nazo kiasi cha kuruhusiwa.

Sasa fikiria gunia la mchele limetumwa Dar es Salaam kutoka Kyela. Lango la mji linaruhusu mchele mbichi tu, ubwabwa haupiti. Lakini njia nzima kuna wapishi, na kila kituo wanafungua gunia wanapika. Tumboni wanapika. Kwenye ini wanapika. Kwenye figo wanapika sana. Likifika langoni, gunia limebaki robo au pungufu, na njia nzima inanuka ubwabwa ambao hautaingia mjini kamwe. Mchele ni 5-HTP, ubwabwa ni serotonini, mji ni ubongo, na wapishi ni kile kimeng'enya cha pili. Ubwabwa uliopikwa kituo cha kwanza, yaani kwenye utumbo, ndio uliomchafua moyo yule mama: serotonini ya utumboni hugusa neva inayopanda hadi kwenye kituo cha kutapika. Dawa ya ondansetroni, ambayo wengi wanaijua kwa kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani, inafanya kazi kwa kuziba vipokezi vya serotonini kwenye neva hiyo hiyo.

Ukiitazama hivyo, kuongeza gunia la pili si dawa, kwani wapishi watapika na hilo. Kinachotakiwa ni wapishi wa njiani wasimame, bila kuwagusa walio ndani ya mji.

Jambo hilo limewezekana, na lilijulikana kupitia ugonjwa mwingine kabisa. Kwenye ugonjwa wa Parkinson ubongo unakosa dopamini, na dopamini nayo haipiti lango. Mwaka 1967 daktari George Cotzias wa Brookhaven, New York, alionyesha kwamba ukimpa mgonjwa levodopa, ambayo ni malighafi ya dopamini, kwa dozi kubwa inayopandishwa polepole, mtu aliyekuwa amekakamaa anaweza kuinuka na kutembea. Levodopa si ngeni kwetu kwa asili: iko kwenye mbegu za upupu, ule ule unaotuwasha mwili mzima tukipita shambani. Lakini wagonjwa wa Cotzias walitapika mno, kwa kuwa kimeng'enya kinachopika levodopa njiani ni kile kile kinachopika 5-HTP. Dawa iliyosaidia inaitwa kabidopa. Inakifunga kile kimeng'enya tumboni, kwenye ini na kwenye figo, na yenyewe kwa kawaida haipiti lango la ubongo. Wapishi wa njiani wanasimama, wa mjini wanaendelea na kazi. Tangu miaka ya 1970 levodopa hutolewa pamoja na kabidopa, au na ndugu yake benserazidi, kwenye kidonge kimoja. Wagonjwa wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti wa nyumba kwa nyumba ulikuta wengi wenye Parkinson hawajawahi hata kuambiwa ugonjwa wao, wanahitaji vidonge vya aina hiyo hiyo.

Kabidopa inafanya kwa 5-HTP lile lile inalofanya kwa levodopa. Kiwango cha 5-HTP kwenye damu kinapanda mara kadhaa kuliko ikimezwa peke yake. Watafiti wa Ulaya waliopima mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta kwamba, kukiwa na kabidopa, karibu nusu ya dozi au hata zaidi ilifika kwenye damu ikiwa nzima, na ilikaa kwa saa kadhaa. Bila kabidopa, 5-HTP hupanda haraka, hufikia kilele ndani ya saa moja au mbili, na kila baada ya saa kama mbili kiasi chake kinapungua nusu. Kwa lugha ya hospitali, hii ndiyo maana ya upatikanaji wa dawa mwilini: ni kiasi gani kimeingia kwenye damu bila kuharibika, na kwa kasi gani. Kile kilichoandikwa kwenye chupa hakikwambii lolote juu ya hayo mawili.

Na hapa niseme juu ya wagonjwa ambao kwao jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Kuna ugonjwa unaompata mtu ambaye moyo wake au pumzi yake ilisimama kwa muda kisha akaokolewa. Anapozinduka, kila akitaka kunyoosha mkono au kupiga hatua, misuli inaruka kwa kishindo. Hawezi kushika kikombe. James Lance na Raymond Adams waliueleza mwaka 1963. Miaka ya 1970 daktari wa New York, Melvin Van Woert, aliwapa wagonjwa wa namna hii 5-HTP pamoja na kabidopa, na baadhi yao waliokuwa hawatembei walitembea. Dozi ilikuwa kubwa, hadi gramu nzima kwa siku na kupita, ambayo bila kabidopa tumbo lisingeivumilia. Lakini hakukuwa na kampuni iliyotaka kuitengeneza kama dawa, kwa sababu wagonjwa ni wachache na faida haipo. Van Woert akawa anaihangaikia mwenyewe, na kilio chake na cha wagonjwa wake kilikuwa sehemu ya shinikizo lililoifanya Marekani ipitishe mwaka 1983 sheria ya kusaidia dawa za magonjwa adimu. Kila nikisoma habari hiyo nawafikiria wagonjwa wetu wa selimundu na wa magonjwa mengine yasiyo na soko, na jinsi dawa inavyoweza kuwapo duniani isimfikie anayeihitaji.

Kuna kundi lingine, la watoto. Baadhi huzaliwa na kasoro ya kurithi inayowanyima kisaidizi cha ile hatua ya kwanza, ya polepole. Hawawezi kutengeneza 5-HTP yao, wala levodopa yao. Mapacha wawili wa California walitibiwa kwa levodopa tangu utotoni wakapata nafuu isiyokamilika; mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vyao vyote na kuiona kasoro hiyo, wakaongezewa 5-HTP, na hali ikawa bora zaidi. Kwa watoto kama hao 5-HTP ni dawa kamili, inayopimwa na kuandikwa na daktari, na karibu kila mara ina kabidopa pembeni. Mtu mwenye hatua ya kwanza iliyo nzima hayuko kwenye hali yao, na ushahidi kwamba itamfaa ni mwembamba. Kwa sonona, watafiti waliokusanya majaribio yote mwaka 2002 walikuta majaribio 108 ya triptofani na 5-HTP, lakini mawili tu, yenye watu 64 kwa jumla, ndiyo yaliyokuwa na ubora wa kuaminika.

Basi turudi kwa ushauri wa yule kijana, maana ameutoa kwa mapenzi na anastahili kujibiwa vizuri.

Alisema vitamini B6. Ushauri huu umeandikwa kila mahali, hata kwenye chupa zenyewe, ambazo nyingi huchanganya 5-HTP na B6 katika kapsuli moja. Hoja yao ni kwamba kimeng'enya cha pili kinahitaji B6 ili kifanye kazi. Hilo ni kweli kabisa. Lakini kimeng'enya hicho ndio wale wapishi wa njiani! Ukiwapa kuni zaidi watapika zaidi, na gunia litafika jepesi zaidi langoni. Madaktari wa Parkinson walilijua jambo hili kwa uchungu mwishoni mwa miaka ya 1960: mgonjwa aliyekuwa anatembea kwa levodopa alianza kukakamaa tena baada ya kumeza B6, kwa sababu levodopa yake ilikuwa inaishia njiani. Kabidopa ilipoingia, tatizo hilo likaondoka. Kwa hiyo kwa mtu mwenye B6 ya kutosha, anayemeza 5-HTP bila kabidopa, kuongeza B6 kunaweza kwenda kinyume na anachokitafuta.

Aliyepungukiwa ni habari nyingine. Wengi wetu tunamjua mtu anayetumia isoniazidi, ama anatibiwa kifua kikuu ama anakinga ugonjwa huo akiwa na VVU. Isoniazidi inaiharibu B6, na ndiyo maana kliniki huwapa vidonge vidogo vya piridoksini, ambayo ni hiyo hiyo B6, miguu isije ikawaka moto. Mtu huyo asiache piridoksini yake kwa sababu ya makala hii, wala kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa amri ya daktari. Lakini kumeza B6 kwa wingi, gramu moja moja kwa miezi, kunaharibu neva zenyewe. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliripoti watu waliopoteza hisia za miguu na mikono kwa kuzidisha vitamini wanayoidhani haina madhara.

Alisema pilipili manga. Ndani yake kuna piperini, na ni kweli kwamba mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa piperini inaongeza sana kiwango cha kurkumini, kemikali iliyo kwenye bizari ya manjano, kwenye damu. Tangu hapo kila mtengenezaji wa virutubisho anaitia kwenye chupa yake. Lakini kurkumini na 5-HTP vina matatizo tofauti. Kurkumini hainyonywi vizuri na inavunjwa na vimeng'enya vya ini ambavyo piperini inavizuia. 5-HTP inanyonywa, na kinachoipika si vimeng'enya hivyo. Piperini haifungi kimeng'enya cha pili kwa namna ya kabidopa. Inachoweza kufanya ni kupandisha dawa nyingine unazotumia, kwa mfano fenitoini ya kifafa au propranololi ya moyo, na hapo unaleta tatizo usilolitafuta. Ya kwenye pilau haina neno. Naongelea kapsuli.

Wengine husema chai ya kijani. Hii ina hoja nzuri zaidi, kwa sababu mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kemikali za chai ya kijani zinakifunga kile kimeng'enya cha pili. Lakini walionyesha kwenye maabara, kwa kimeng'enya kilichosafishwa. Kemikali hizo zenyewe huingia kwenye damu kwa shida sana, na umbali kutoka kwenye bomba la maabara hadi kwenye kikombe chako ni mrefu. Chai inywe kwa kuwa unaipenda.

Vipi chakula? Hapa kuna jambo la kweli la kufanya, ingawa si kubwa. Kumeza 5-HTP tumbo likiwa tupu kunaifanya ifike utumboni yote kwa mkupuo, serotonini inazuka kwa wingi palepale, na moyo unachafuka. Kumeza na chakula kidogo kunalegeza mwendo. Chakula chenyewe nacho kina maana, kwa sababu ya lile lango la ubongo. Mlango wake unagombaniwa: asidi amino za nyama, samaki na maharage, kama leusini, tirosini na fenilalanini, zinapita hapo hapo. Ukimeza baada ya sahani ya nyama choma, foleni ni ndefu. Mlo wenye wanga zaidi, wali au viazi, huamsha insulini, na insulini huzisukuma nyingi ya hizo asidi amino kwenye misuli, foleni ikapungua. John Fernstrom na Richard Wurtman wa chuo cha MIT walilionyesha hili kwa panya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakiangalia triptofani. Kwa levodopa, wagonjwa wa Parkinson wanaijua kanuni hii kwa vitendo: dawa nusu saa kabla ya nyama. Kwa hiyo anayetumia 5-HTP kwa ushauri wa daktari anaweza kuimeza na kipande cha mkate au kiazi, mbali na mlo wa nyama, na asitegemee zaidi ya hapo.

Suala la muda ndilo lililowashughulisha watafiti wa karibuni zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye matumaini. Dawa inayopanda haraka na kushuka haraka inaleta madhara kwenye kilele na haileti faida kwenye bonde. Kundi la Jacob Jacobsen na Marc Caron wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, lilionyesha kwa panya kwamba 5-HTP ikitolewa kidogo kidogo kwa mfululizo, pamoja na dawa ya sonona, serotonini ya ubongo inapanda kupita ile ya dawa ya sonona peke yake, na yale madhara ya kilele hayaonekani. Ni wazo jepesi kulisema. Kulitengenezea kidonge ni kazi ngumu, kwa sababu 5-HTP inanyonywa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Kidonge cha kawaida cha kuyeyuka polepole hupitia hapo kwa saa chache, kisha kinaendelea kutoa dawa mahali ambapo haichukuliwi. Kwa hiyo inabidi kidonge kikae tumboni, kivimbe au kielee ili kisiteremke, na kitoe dawa polepole kutoka juu. Kampuni iliyoanzishwa na Jacobsen, Evecxia, imekuwa ikishughulikia kidonge cha namna hiyo chenye 5-HTP na kabidopa kidogo. Neno la kuyeyuka polepole kwenye chupa ya virutubisho halimaanishi kwamba kazi hii imefanyika. Wala utando unaokinga kidonge kisiyeyuke tumboni hauongezi kinachofika ubongoni. Unapunguza kichefuchefu kwa wengine, basi.

Wazo la 5-HTP ya bei rahisi, iliyo kwenye mbegu, linawavutia watu, nami nalielewa. Inayouzwa duniani kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mbegu za mmea wa Afrika Magharibi uitwao Griffonia simplicifolia, unaookotwa msituni Ghana na Ivory Coast, na mbegu zake zina 5-HTP nyingi ajabu. Lakini usafi wa kinachotoka kiwandani ni suala zito. Mwaka 1989 watu zaidi ya 1,500 Marekani waliugua ghafla, misuli ikiuma na seli fulani za damu zikipanda, na zaidi ya 30 wakafa. Chanzo kilifuatwa hadi kwenye triptofani ya mtengenezaji mmoja wa Japani iliyokuwa na uchafu. Hiyo ilikuwa triptofani, si 5-HTP, lakini tangu hapo madaktari wanaziangalia dawa za ukoo huu kwa jicho la tahadhari. Na kabidopa yenyewe haifai kutafutwa kwa rafiki mwenye mgonjwa wa Parkinson: mwaka 1980 aliripotiwa mtu aliyetumia 5-HTP na kabidopa ngozi yake ikakakamaa.

Lakini kinachonifanya niandike haya ni kitu kingine. Nilipomuuliza yule mama kama anatumia dawa nyingine alisema hapana. Nikauliza tena: hata ya maumivu? Akacheka kidogo. "Ah, za goti? Hizo si dawa, baba, ni za kutuliza tu." Akafungua pembe nyingine ya khanga, ikatoka karatasi ya tramadoli.

Tramadoli inapunguza maumivu kwa njia mbili, na mojawapo ni kuizuia serotonini isirudishwe ndani ya neva baada ya kutumika, ikabaki ikifanya kazi. Ukiongeza malighafi ya serotonini upande mmoja na kuziba njia yake ya kurudi upande wa pili, inaweza kujaa kupita kiasi. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, anaharisha, miguu inarukaruka, joto linapanda, akili inachanganyikiwa. Hali ikikolea inaua. Huanza ndani ya saa chache. Tramadoli si peke yake. Ziko fluoksetini na sertralini za sonona, iko amitriptilini ambayo wengi wanapewa kwa maumivu ya neva wasijue kwamba ni ya jamii hiyo, iko dekstrometofani kwenye dawa za maji za kikohozi, na iko linezolidi wanayopewa wenye kifua kikuu sugu kwa miezi. Kila moja ya hizi ikikutana na 5-HTP inaweza kuwa habari ya hospitali.

Kwa hiyo lile swali la kukiingiza kidonge vizuri lina upande wa pili ambao hauandikwi kwenye chupa. Kadiri unavyofanikiwa kuifikisha 5-HTP ubongoni, ndivyo mgongano huu unavyozidi kuwa mkali. Kile kichefuchefu na ule upotevu wa njiani, kwa mtu mwenye tramadoli mfukoni, ndivyo vilivyokuwa vikimkinga.

Tulimpigia mwanawe simu palepale dukani. Kule kwao ilikuwa asubuhi. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: kama ni hatari hivyo, mbona kwao inauzwa wazi karibu na vitamini? Nikamwambia kwamba kwao pia inauzwa kwa mtu ambaye hakuulizwa anameza nini kingine. Akanyamaza, kisha akaomba aongee na mama yake. Nilisogea pembeni nikahudumia wengine.

Mama hakutaka kuitupa chupa, kwa kuwa imetoka kwa mtoto. Tulikubaliana asiimeze mpaka aonane na daktari anayemtibu goti, na usingizi wake nao uangaliwe: maumivu ya usiku, presha, na chai ya rangi anayokunywa saa nne za usiku. Nilichukua kalamu, nikaandika "TRAMADOLI" kwenye chupa ya 5-HTP, na "5-HTP" kwenye karatasi ya tramadoli, ili daktari atakayeiona moja aiulizie nyingine. Akazifunga zote mbili kwenye pembe moja ya khanga, akaondoka.